Kiganja Kimoja Nyuma ya Lori

Katika yadi moja ya mizigo pale Vurra, hatua chache kabla ya mpaka wa Congo, kuna kazi ambayo haina jina. Lori la Uganda lililobeba saruji au sabuni hurudishwa kinyumenyume hadi likutane mgongo kwa mgongo na lori la Congo, ili wapakiaji wahamishe mzigo bila kuushusha chini. Kati ya malori hayo mawili inatakiwa ibaki nafasi ya kiganja kimoja cha mtu mzima. Ikizidi, wapakiaji hulaza ubao, na ubao ukilowa mvua hauna urafiki na mtu aliyejitwika mfuko wa saruji. Ikipungua, mabati hugusana, na madereva wawili ambao asubuhi hawakujuana huanza kutukanana kwa lugha nne.

Mtu wa kuipata nafasi hiyo alikuwa mzee Tahiru. Kwa miaka kumi na tisa alisimama nyuma ya malori, kofia ya kufuma kichwani, mkono mmoja juu, akiwaita madereva kwa sauti. Maneno yake yalikuwa mawili tu. "Kuja" maana yake lori lije. "Wacha" maana yake lisimame. Kila lori liliitiwa "wacha" mara mbili. Ya kwanza ilikuwa limebakiza hatua tatu, ili kamba za turubai zifunguliwe na ubao wa nyuma uteremshwe, na ya pili ilikuwa limebakiza kiganja. Madereva wa Arua, wa Bunia, hata wale wa Sudan Kusini waliozoea kubishana na kila mtu, wakiisikia "wacha" ya Tahiru walikanyaga breki bila kutazama kioo. Jambo hili lilimpendeza kuliko alivyokubali kusema. Wengine hufurahia kupendwa. Yeye alifurahia kutiiwa na tani thelathini.

Tuseme ukweli, hakuwa mtu rahisi. Nyumbani kwake Arua mtungi wa maji ulikuwa na kata ambayo mpini wake lazima uelekee mlangoni. Viatu vya wageni vilipangwa kwa ukubwa, hata mgeni akiwa bado hajamaliza kuvivua. Binti yake Sharifah, aliyekuwa akiishi Koboko katika nyumba ya marehemu babu yake, alipigiwa simu kila Ijumaa baada ya swala na kupewa maagizo ya wiki: mfereji wa maji ya mvua upite kushoto mwa jiko, mbuzi wafungwe upande wa barabara, mlango wa uani usiachwe wazi. Sharifah alijibu "ndiyo, Baba," na Tahiru alikata simu akiwa na amani ya mtu aliyeinyoosha wilaya nzima.

Ugonjwa huu wa kushika kila kitu aliupata akiwa na miaka kumi na tano. Mwaka wa sabini na tisa, vita vilipoelekea Koboko, Wanubi wengi na majirani zao walikimbilia Congo, ambayo siku hizo iliitwa Zaire. Baba yake alikuwa mbali na nyumbani. Mama yake alimkabidhi jamaa wanane na kumwambia awahesabu njiani. Akawahesabu. Kila kijito, kila njia panda, kila walipoinuka baada ya kupumzika: wanane. Wakafika wanane. Tangu siku hiyo aliamini kwamba walifika kwa sababu aliwahesabu, na kwamba kitu kisichoangaliwa hupotea. Habuba wake, bibi mzaa baba, mmoja wa wanane hao, alifariki kwa homa wiki moja baadaye, amelala katikati ya mkeka huku yeye akimwangalia. Hilo hakulitia kwenye hesabu yake. Imani zetu nyingi hudumu hivyo, kwa kuchagua vya kukumbuka.

Shida ilianzia kwenye jicho la kushoto. Mwanzoni lilikuwa kama kioo cha gari kilichopigwa na vumbi, baadaye likazibika upande, na mwishowe likabaki kuwa jicho la kupanguswa tu. Akaenda kliniki ya macho bila kumwambia mtu. Daktari, mama mmoja mpole, akamweleza kwamba ni presha ya macho, kwamba kilichopotea hakirudi, na kwamba matone ya asubuhi na jioni yatalinda jicho lililobaki. Tahiru akauliza afanye nini ili kirudi. Daktari akarudia maneno yake. Tahiru akauliza tena kwa njia nyingine, kama dereva anayejaribu geti la pili baada ya kukataliwa la kwanza.

"Mzee, hii hakuna kitu ya kufanya," daktari akamwambia. "Iko ya kukubali tu, na kutunza ile imebaki."

Alitoka pale amekasirika, kana kwamba amedhulumiwa. Akaamua kwamba hakuna atakayejua. Aliogopa, na hofu yake ilikuwa na sura mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida: mzee asiye na kazi hugeuka kuwa mtu wa kuulizwa kama amekula. Ya pili ilikuwa na kiburi ndani yake. Aliamini kwa dhati kwamba siku atakayoondoka nyuma ya malori, mtu atapondwa. Kwa hiyo akaendelea kusimama pale na jicho moja ili watu wawe salama. Yeyote mwingine angeliona kosa katika hoja hiyo.

Medina, mkewe, hakuhitaji daktari. Alimwona akimimina chai pembeni ya kikombe, na tangu siku hiyo akawa anamsogezea kikombe upande wa kulia. Hakusema neno. Tahiru naye hakusema neno. Wakaishi hivyo miezi minne, kila mmoja akidhani anamhifadhi mwenzake.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, jua limeshapanda, lori la saruji lilipoingia likiendeshwa na Kenneth, dereva mgeni kutoka Tororo. Utingo wake alikuwa amebaki Arua anaumwa tumbo, kwa hiyo Kenneth hakuwa na mtu wa kumwangalizia nyuma isipokuwa huyo mzee mwenye kofia ambaye kila mtu alimwambia amwamini. Lori la Congo lilikuwa tayari limesimama mahali pake. Yadi ile ina mteremko mdogo kuelekea nyuma, na pale magurudumu ya nyuma yanaposimamia kuna bonde dogo, lililochimbwa na malori yote yaliyowahi kusimama hapo. Tahiru akachukua nafasi yake, nafasi kati ya malori ikiwa upande wake wa kushoto, upande wa lile jicho.

"Kuja. Kuja. Kuja."

Lori likaja polepole, Kenneth akilishikilia kwa breki kwenye mteremko. Zikabaki hatua tatu.

"Wacha."

Lori halikusimama. Likaongeza mwendo, si sana, kama mtu aliyesukumwa begani. Tahiru akapaza sauti, wacha, wacha, na kila alivyoita ndivyo lori lilivyozidi kuteleza. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa neno lake liligonga bati na kurudi. Kisha magurudumu ya nyuma yakaingia katika lile bonde, lori likayumba mara moja, likatulia. Kati yake na lori la Congo palibaki kiganja kimoja. Mtu angeweza kuingiza mkono wake na kupima.

Wapakiaji wakapiga miluzi. Ubao wa nyuma wa lori la Kenneth ulikuwa umeshateremshwa na turubai kufunuliwa pale kwenye ukaguzi wa forodha, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kusimama mara ya kwanza. Wote wakadhani mzee ameliona hilo na kulileta lori kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayeweka kikombe kwenye sahani. Walimsifu, mmoja akampa mkono. Tahiru akaupokea. Hakuwa ameuona ubao wala turubai. Alisimama pale akisifiwa kwa kazi iliyofanywa na shimo.

Kenneth akashuka, akamjia kwa furaha. Alisema huko kwao waitaji wengi huogopa, humsimamisha dereva kila baada ya inchi mbili.

"Lakini wewe, Mzee, uliniambia wacha, nikawacha," akasema. "Nikatoa mguu kwa breki kabisa. Nikajua huyu mzee anajua kitu iko nyuma."

Tahiru akamtazama. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba neno lake, alilolitumia zaidi ya salamu, lilikuwa na mlango wa pili. Kwa utingo wa Kenneth "simama" ndiyo ilikuwa kusimama, na "wacha" ilikuwa kuachia breki. Kijana hakukosea. Alitii, tena alitii mara tatu.

Hilo peke yake angeweza kulimeza. Angemfundisha Kenneth, angecheka, angeendelea. Lakini wapakiaji walipokwisha kupanda juu, Celestina alimjia akiwa na birika mkononi.

Celestina ndiye aliyekuwa mpika chai wa yadi, mkimbizi kutoka Kajo Keji, mjane, mtu wa maneno machache. Kila mtu alimwita Mama Peace kwa jina la binti yake. Jiko lake lilikuwa upande mmoja wa maegesho na benchi la wapakiaji upande wa pili, na kwa miaka sita alikuwa na njia yake ya mkato: akisikia "wacha" ya kwanza, hupita katikati ya malori mawili na birika lake, awafikishie chai wale wa ng'ambo kabla nafasi haijafungwa. Tahiru aliijua njia hiyo. Kila siku alimwangalia akipita, ndipo alipoita "kuja" ya mwisho. Kwa miezi minne sasa alikuwa akimwangalia kwa kukisia.

"Mzee, mimi nilikuwa hapo katikati," Celestina akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayetaja bei ya sukari. "Nikisikia wacha, mimi najua gari imesimama. Nikaingia. Anguyo akaniita kwa nyuma, ati chai haina tangawizi. Nikarudi kumjibu. Gari ikapita kwa mgongo yangu."

Tahiru akageuza kichwa, akaitazama ile nafasi ya kiganja.

"Wewe haukuniona," Celestina akaendelea. Lilikuwa tamko, hakusubiri jibu. "Jicho yako ya huku imekufa. Mimi nimejua kutoka mwezi ya Ramadhani. Nilifikiri utasema mwenyewe."

Akammiminia chai, akaiweka upande wake wa kulia, akaenda zake.

Anguyo ni mpakiaji mwenye mabega kama kabati na tumbo la kulalamika. Kila siku hulalamikia chai. Haina tangawizi, ina moshi, imepoa, ni moto mno. Kwa miaka mingi Tahiru alimwona kuwa kero ya yadi, na mara mbili aliwahi kumwambia afunge mdomo. Siku ile akamtazama akipokea mifuko ya saruji na kuelewa kwamba Mama Peace alikuwa hai kwa sababu ya mdomo huo. Yeye mwenyewe, kwa jicho lake, mkono wake na sauti yake, alikuwa amekaribia kumuua. Aliona aibu, na chini ya aibu hiyo kulikuwa na kitu kibaya zaidi: kwa mara ya kwanza alijiuliza ni mara ngapi nyingine.

Kesho yake, Ijumaa, hakupiga simu Koboko. Alikwenda mwenyewe.

Sharifah hakuwa amemtarajia, na kwa hakika asingechagua siku hiyo. Mfereji wa maji ya mvua ulipita kulia mwa jiko. Mbuzi walikuwa wamefungwa nyuma ya nyumba, mbali kabisa na barabara, wamenenepa. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na wanawake wawili wa jirani walikuwa wakipita na beseni zao kana kwamba uani ule ni soko. Tahiru akazunguka nyumba mara moja, kisha mara ya pili. Alitafuta ukuta uliopasuka, paa linalovuja, kitu chochote cha kumpa haki ya kukasirika. Nyumba ilikuwa imara kuliko alivyoiacha.

Akamuuliza binti yake kwa nini. Sharifah akampa kiti kwanza, na maji, na akangoja anywe.

"Baba, maji huku hayapiti kushoto, iko mwamba," akasema kwa upole. "Nilijaribu mara moja, jiko likajaa. Lakini wewe ulikuwa unafurahi nikisema ndiyo. Basi nilikuwa nasema ndiyo."

Kwa miaka mingapi, Tahiru akauliza. Tangu alipopata mimba ya mtoto wa kwanza, Sharifah akasema, kwa hiyo tisa. Tahiru akakaa na hiyo tisa. Kwanza ilikuja hasira, kwa kuwa hasira ndiyo iliyokuwa karibu. Ilipopita ikaja fedheha, akiwaza jinsi alivyokata simu zile zote akiwa ameridhika. Halafu, bila kuitwa, kikaja kitu alichokosa jina lake. Kilifanana na kutua mzigo ambao umeubeba muda mrefu hadi ukausahau, kisha mabega yakapanda yenyewe. Miaka yote hiyo alikuwa ameshika ncha ya kamba, na ncha ya pili haikufungwa popote. Nyumba ilisimama bila yeye. Mbuzi walinenepa bila yeye. Akamkumbuka habuba wake katikati ya mkeka, na kwa mara ya kwanza akamtia kwenye hesabu. Wanane walitembea, wanane walifika, mmoja akafa, na katika hayo yote kuhesabu kwake hakukuongeza wala kupunguza mtu. Alikuwa kijana mwenye hofu aliyehitaji kitu cha kufanya kwa mdomo wake. Akamwonea huruma kijana yule, na machozi yakamtoka katika macho yote mawili, kwani kwa kazi hiyo hata lile bovu lilikuwa zima.

Lakini Tahiru hakugeuka malaika njiani kurudi Arua. Ndani ya gari alimwelekeza dereva namna ya kukwepa mashimo mara tatu, kwenye barabara ya lami isiyo na mashimo. Alipofika nyumbani aliukuta mpini wa kata umeelekea ukutani, akaugeuza, akasita, akaurudisha ulivyokuwa. Medina aliona. Tahiru akaketi na kumwambia habari ya jicho, yote, kuanzia kliniki. Medina akasikiliza kama anasikia kwa mara ya kwanza, na akauliza maswali mawili mazuri.

Jumatatu aliwaita wapakiaji kabla lori la kwanza halijaingia. Akasema jicho la kushoto limekufa, limekufa tangu kabla ya Ramadhani, na kwamba Alhamisi hakuona chochote walichomsifia. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Akasema kuanzia leo malori yataitwa na Scovia.

Scovia ni mwanamke wa Kilugbara wa pale pale Vurra, na kwa miaka minane kazi yake imekuwa kufungua na kufunga kamba za turubai. Hakuna mtu aliyesimama kati ya malori mara nyingi kama yeye, na sauti yake husikika hadi upande wa Congo. Wapakiaji wengine walinung'unika. Tahiru akangoja wamalize. Alimwachia Scovia sheria moja tu, kwamba neno la kusimamisha liwe na maana moja. Scovia akasema yeye atatumia "simama." Tahiru alikuwa na ushauri mwingine kama kumi na tano hivi, kuhusu mahali pa kuweka miguu, namna ya kuinua mkono, madereva wa kuangalia zaidi. Ulimjaa mdomoni. Akafunga mdomo.

Lori la kwanza siku hiyo lilikuwa la Kenneth, likirudi na mzigo wa pili. Tahiru akaenda kukaa kwenye benchi la wapakiaji. Angeweza kukaa akitazama yadi. Akakaa akitazama barabara, mgongo wake ukielekea malori, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku moja katika miaka kumi na tisa. Mikono yake haikujua iende wapi, akaiweka magotini.

Nyuma yake injini ikanguruma. Sauti ya Scovia ikaita kuja, kuja. Alisikia magurudumu kwenye changarawe, na alijua kwa sikio kwamba lori linakuja haraka kidogo kuliko inavyofaa. Mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe. Akautazama, akaushusha. Kisha akasikia ndala za Mama Peace zikitoka jikoni, ziko njiani, mwendo ule ule wa kila siku.

"Simama," Scovia akaita.

Injini ikazidi au ikapungua? Hakuweza kujua. Ndala zikaingia mahali ambapo sauti hubadilika kati ya mabati mawili, zikawa nzito, halafu hazikusikika tena. Tahiru alitaka kugeuka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Angegeuka, angeona nini na jicho lake moja, na angefanya nini kwa alichokiona? Akatazama barabara, mbuzi wawili wakivuka, mwanamke na beseni la maembe, na akajiambia lile neno lake, kwa sauti ya chini, kwa maana ile ya Kenneth.

"Wacha."

Akabaki ameketi. Kisha, karibu kabisa na sikio lake la kushoto, Anguyo akafyonya.

"Mama Peace," akasema, "hii chai pia haina tangawizi."

Kikombe kikawekwa upande wa kulia wa Tahiru, na kivuli cha birika kikapita juu ya mikono yake. Akanywa. Kweli haikuwa na tangawizi, na hakusema kitu.